Kima wa Lindo katika Msitu wa Zika



Tarehe 18 Aprili 1947, katika msitu mdogo ulio kandoni mwa barabara itokayo Entebbe kwenda Kampala, nchini Uganda, kima mmoja aliyefungiwa kizimbani juu ya dungu alipimwa akaonekana ana homa. Dungu hilo lilijengwa juu mitini, mfano wa madungu ambayo wakulima wetu hupanda ili kuamia ndege na kufukuza nguruwe shambani. Kima mwenyewe hakuwa mwenyeji wa msitu ule. Aliletwa kutoka Asia, wa jamii ya kima waitwao rhesus, naye alijulikana kwa namba yake tu, 766. Kazi yake ilikuwa lindo. Aliwekwa pale ili aumwe na mbu, na waliomweka walikuwa wakiingoja siku atakayougua, wapate kujua ni adui gani aliyepita.

Wale miongoni mwenu mliokuwa katika majeshi yetu yaliyoitwaa Entebbe mwezi Aprili 1979 na kisha kuifuata barabara hiyo hiyo hadi Kampala, mliupita msitu huo. Unaitwa Zika, na kwa Kiganda jina hilo huelezwa kuwa ni mahali palipofungana kwa mimea. Yamkini hakuna aliyeugeuzia macho siku zile, ila kwa kutazama kama kuna mtu amejificha humo na bunduki. Miaka thelathini na saba baadaye jina la msitu huo lilikuwa likitajwa katika taarifa za habari za dunia nzima, na kina mama wajawazito wa Amerika ya Kusini walikuwa wakilisikia kwa hofu. Maelezo yetu ya leo yahusu namna jina hilo lilivyotoka huko kando ya Ziwa Victoria, na watu waliokesha juu ya miti ili lijulikane.

Huenda askari akauliza mbu wa Uganda wanamhusu nini. Jibu limo katika historia ya majeshi yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1801 Napoleon alimtuma shemeji yake, Jenerali Leclerc, kwenda kisiwani Haiti na jeshi kubwa ili awarudishe utumwani watu weusi waliokuwa wamejikomboa. Wahaiti walipigana kishujaa, wala sifa hiyo hawanyang'anywi na mtu. Lakini walipata msaidizi ambaye Wafaransa hawakumtazamia, nayo ni homa ya manjano. Maelfu kwa maelfu ya askari walikufa wakitapika damu nyeusi, na Leclerc mwenyewe akafa mwezi Novemba 1802. Tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru wake. Karibu miaka mia moja baadaye, jeshi la Marekani lililokuwa Kuba lilipatwa na maradhi hayo hayo. Daktari wa Kikuba, Carlos Finlay, alikuwa amesema tangu mwaka 1881 kwamba yanaletwa na mbu, nao wakubwa wakamdharau. Ilipofika mwaka 1900 tume ya madaktari wa jeshi iliyoongozwa na Walter Reed, kwa msaada wa askari waliojitolea kuumwa na mbu, ilithibitisha kwamba mzee huyo alisema kweli. Mmoja wa wana tume, Daktari Lazear, alilipa kwa uhai wake.

Mbu akajulikana, lakini kijidudu chenyewe hakikujulikana. Ni kirusi, yaani kitu kidogo mno kisichoonekana hata kwa darubini ya kawaida ya hospitali. Hapo ndipo inapotubidi kwenda Afrika Magharibi. Mwezi Juni 1927, katika kijiji cha Kpeve, Ghana, nchi iliyoitwa Gold Coast wakati huo, daktari mmoja kutoka Kanada aitwaye Mahaffy alimkuta kijana wa miaka 28 ana homa. Kijana huyo aliitwa Asibi. Mahaffy alimtoa damu kidogo, na damu ile ikatiwa katika mwili wa kima wa Asia. Kima akafa kwa homa ya manjano. Asibi akapona. Kwa mara ya kwanza wanasayansi walikuwa na mnyama aliyeweza kuambukizwa ugonjwa huo katika maabara, na kirusi walichokihamisha kutoka kima mmoja hadi mwingine wakakipa jina la yule kijana.

Kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Daktari Adrian Stokes, aliyekuwa miongoni mwa walioichunguza damu ile, alikufa kwa homa ya manjano huko Lagos mwezi Septemba mwaka huo. Mjapani mashuhuri, Hideyo Noguchi, alikufa kwa maradhi hayo hayo mjini Accra mwezi Mei 1928. Lakini kutokana na kirusi cha Asibi, Max Theiler na wenzake wa New York walipata chanjo iitwayo 17D mwaka 1937, baada ya kukikuza katika vyombo vya maabara mara nyingi hata kikapoteza ukali wake. Theiler alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Kila askari wetu aliyechanjwa homa ya manjano kabla ya kupanda ndege kwenda kulinda amani Darfur au Kongo alidungwa mkononi kizazi cha kirusi kilichotoka katika damu ya Asibi. Kadi ya manjano aliyopewa haina jina hilo.

Tumeipitia habari ya Ghana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba daktari yule yule Mahaffy ndiye aliyepelekwa Uganda kuwa mkuu wa kwanza wa kituo kipya. Ya pili ni kwamba bila ya habari hiyo mtu hataelewa kwa nini kima wa Asia aliwekwa lindoni katika msitu wa Afrika, ambao umejaa kima wake wenyewe. Kima wetu wa Afrika wameishi na kirusi hicho karne nyingi. Wengi wao wakiambukizwa hawaonyeshi dalili kubwa. Kima wa Asia ni mgeni, hana kinga ya jadi, na akiambukizwa huanguka. Mlinzi asiyeumwa na kitu hawezi kutoa habari.

Kituo cha Utafiti wa Homa ya Manjano kilifunguliwa Entebbe mwaka 1936, kwa fedha za shirika la Rockefeller la Marekani na kwa ushirikiano wa serikali ya kikoloni. Tusidanganyane: hakikufunguliwa kwa kuwa mkoloni aliwaonea huruma Waganda. Ndege za Uingereza zilikuwa zimeanza kusafiri kutoka Misri kuelekea kusini mwa Afrika, zikitua katika Afrika ya Mashariki. Bara Hindi lina mbu na lina kima, lakini halijapata kuwa na homa ya manjano, na serikali ya huko ilihofu kwamba siku moja ndege ingemleta mgonjwa au mbu mmoja, na moto ukawaka kusikokuwa na maji ya kuuzima. Hofu hiyo ilizidishwa na jambo la ajabu. Katika miaka ya 1930 damu za watu zilikusanywa sehemu nyingi za Afrika na kujaribiwa kwa panya weupe, maana damu ya mtu aliyepata kuambukizwa homa ya manjano humkinga panya asife. Katika sehemu za Afrika ya Mashariki na Sudan, ambako ugonjwa huo haukuwa umeripotiwa, baadhi ya damu zilionekana kuwa na kinga. Kwa lugha ya askari wa upelelezi, alama za vidole zilikuwapo ukutani, lakini mhalifu hakuna aliyemwona.

Ushahidi wa hatari hiyo ulikuja upesi. Mwaka 1940 homa ya manjano ililipuka katika milima ya Nuba, nchini Sudan, ikaua zaidi ya watu 1,500. Mahaffy na wenzake wakakitenga kirusi chake. Vita Kuu ya Pili ilikwisha kuanza, na majeshi yalikuwa yakivuka Sudan na Afrika ya Mashariki kwenda pande zote. Chanjo ikawa ni silaha sawa na risasi. Nayo ilikuwa na ajali yake, ambayo madaktari wa majeshi hawaisahau. Mapema mwaka 1942 askari wa Marekani wapatao 50,000 waliugua ugonjwa wa ini, kwa sababu chanjo waliyodungwa ilichanganywa na maji ya damu ya binadamu yaliyokuwa na kirusi kingine. Tangu hapo maji hayo ya damu yakaondolewa katika utengenezaji, na chanjo ikawa salama.

Uwanja mkubwa wa upelelezi wa Entebbe ulikuwa Bwamba. Hilo ni bonde la joto magharibi ya milima ya Ruwenzori, kunakopita mto Semliki kwenye mpaka wa Uganda na Kongo. Jina la mto huo halihitaji maelezo kwa askari wetu. Ni huko huko, ng'ambo ya pili ya mpaka, katika kambi ya Semuliki, ambako mwezi Desemba 1, 2017 ulipokwisha kuanza na kufikia tarehe 7, vijana wetu waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa walishambuliwa na wengi wakapoteza maisha yao.

Katika bonde hilo watafiti walikuta mambo yakienda kwa utaratibu kama wa zamu za kijeshi. Juu kabisa mitini huishi kima, na huko juu kuna mbu aitwaye Aedes africanus, ambaye huuma hasa muda mfupi baada ya jua kuchwa, wakati kima wamekwisha kupanda kulala. Mbu huyo hueneza kirusi kutoka kima hadi kima, na binadamu aliye chini hana habari. Lakini kima ni mwizi. Kukipambazuka, baadhi yao huteremka na kuingia katika mashamba ya migomba. Humo kuna mbu mwingine, ambaye watafiti wa wakati ule walimwita Aedes simpsoni. Yeye hutaga mayai katika maji machache yanayotuama kwenye makwapa ya majani ya migomba na magimbi. Huyu huuma mchana. Humwuma kima anayeiba ndizi, kisha humwuma mwenye shamba anayekuja kukata mkungu. Kwa njia hiyo kirusi hushuka kutoka kileleni mwa msitu hadi jikoni kwa mtu bila ya kuonekana. Mwaka 1941 kirusi cha homa ya manjano kilipatikana katika damu ya mgonjwa mmoja wa Bwamba, na lile fumbo la alama za vidole likafumbuliwa.

Utaratibu huo haukugunduliwa na mtu aliyekaa mezani. Aliyeusukuma mbele zaidi ni Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu kutoka Scotland, aliyeshikilia kwamba haifai kukamata mbu saa za kazi tu. Mbu hawana saa za ofisi. Akaweka ukamataji wa saa 24 mfululizo, chini, katikati na juu ya miti, saa baada ya saa, usiku na mchana. Na chambo cha mbu hao alikuwa nani? Alikuwa binadamu. Wanaume na vijana wa Uganda walipanda madunguni kwa ngazi, wakaketi gizani miguu na mikono wazi, na mbu alipotua juu ya ngozi walimfunika kwa kijichupa kabla hajaondoka. Baadaye ulisimamishwa mnara wa chuma wa futi 120, kwanza katika msitu wa Mpanga, kisha mwaka 1960 ukahamishiwa Zika, ili ukamataji ufanywe katika kila kimo cha msitu kwa wakati mmoja.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Katika vitabu utasoma majina ya Mahaffy, Smithburn, Haddow, Gillett, Dick na Kitchen, na si haki kuwabeza, maana walifanya kazi kubwa. Lakini majina ya wale walioketi juu ya madungu usiku wa manane hayasikiki. Chanjo ya homa ya manjano ilikuwapo. Kwa virusi vingine vilivyokuwa vikingoja katika msitu ule hapakuwa na chanjo yoyote, kwa kuwa havikuwa hata na majina. Mtu aliyepata kulala mtaroni, akizuiliwa asijipige kofi mbu anapomwuma kwa kuwa sauti ingemfichua, ndiye atakayeelewa usiku mmoja wa kazi hiyo ulikuwaje.

Na virusi hivyo vingine vilikuja, kimoja baada ya kingine. Wavuvi wa samaki mmoja walikuwa wamevua ziwa zima. Mwaka 1937, katika damu ya vibarua waliokuwa wakitengeneza barabara huko Bwamba, kilipatikana kirusi kipya kikaitwa Bwamba. Mwezi Desemba mwaka huo huo mama mmoja wa Omogo, katika wilaya ya West Nile, alikuwa na homa. Damu yake ilitoa kirusi kilichopewa jina la wilaya hiyo. Mwaka 1942 kikaja cha msitu wa Semliki, na mwaka 1943 kile cha Bunyamwera, vyote kutoka katika mbu. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kikitafutwa. Watu wa Entebbe walikiandika kila kimoja katika daftari, wakakihifadhi, wakaendelea kutafuta homa ya manjano.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kima namba 766. Katika msitu wa Zika palikuwa na madungu sita yenye kima wa lindo. Homa ilipompata yule mmoja, wasimamizi walidhani huenda wamekipata kile walichokuwa wakikingoja. Tarehe 20 Aprili 1947 alitolewa damu, nayo ikatiwa katika ubongo wa panya weupe na katika mwili wa kima mwingine. Siku ya kumi panya wakaugua. Kirusi kilipojaribiwa kwa kinga za maradhi yaliyojulikana, kinga ya homa ya manjano haikukizuia. Kilikuwa kigeni. Mwezi Januari 1948 kirusi hicho hicho kikapatikana katika mbu wa Aedes africanus waliokamatwa madunguni humo humo, na hapo njia yake ikajulikana. George Dick, Stuart Kitchen na Haddow walitangaza habari hiyo katika jarida la kitabibu la London mwaka 1952, wakakiita Zika.

Baada ya hapo likafuata jambo ambalo mtu wa leo hulistaajabia: hakuna aliyejali. Wala hatuna haki ya kuwalaumu sana. Baadhi ya watu wa Uganda walikuwa na kinga ya Zika katika damu zao, lakini hapakuwa na mgonjwa mahututi. Miaka ya 1960 ilipoanza, mtafiti mmoja wa kituo hicho, David Simpson, aliambukizwa. Akapata kichwa kuuma, homa ndogo na vipele, akapona baada ya siku chache, akaandika habari zake mwenyewe mwaka 1964. Kwa miaka sitini tangu kugunduliwa kwake, wagonjwa wa Zika walioandikwa na madaktari duniani kote hawakufika hata kumi na watano. Katika nchi zenye malaria, kichocho na surua, nani angetoa fedha kwa ajili ya vipele vya siku tatu?

Huku kwetu Tanzania tulipata kuihitaji Entebbe mapema. Katika miaka ya 1952 na 1953, kwenye nyanda za juu za Umakonde, wilayani Newala, watu walianza kuanguka kwa homa iliyokuja ghafla na maumivu ya viungo yaliyomfanya mtu mzima ashindwe kusimama wima. Wamakonde wakaiita chikungunya, yaani kile kinachokunja. Askari waliopata kulinda mpaka wa kusini wanajua shida ya maji ya Newala ya zamani: kina mama waliteremka mwendo mrefu bondeni kuchota maji, na maji hayo yenye thamani yalihifadhiwa nyumbani kwa siku nyingi. Humo ndimo mbu walimozaana. Daktari Marion Robinson aliuchunguza ugonjwa huo kwa wagonjwa wenyewe, Lumsden wa Entebbe akachunguza namna ulivyoenea, na Ross akakitenga kirusi chake katika maabara ya Entebbe. Waganga wengi waliotangulia walikuwa wameichanganya homa hiyo na denge, na ni kazi ya Newala iliyozitenganisha.

Mwaka 1959 Uganda nayo ikapata pigo lake. Katika jimbo la kaskazini ilizuka homa ya viungo ambayo Waacholi waliiita o'nyong'nyong, kwa jinsi inavyovunja nguvu ya viungo. Hiyo haikuletwa na mbu wa mitini wala wa mitungi, bali na wale wale Anopheles wanaoleta malaria, na kwa sababu hiyo ilikwenda kwa kasi kubwa ikavuka mipaka hadi Kenya na Tanganyika. Hadi ilipotulia, mwaka 1962, inakadiriwa kwamba watu milioni mbili walikuwa wameugua.

Kituo chenyewe kilikuwa kimebadilishwa jina mwaka 1950 kikawa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika ya Mashariki, na baadaye kikawa moja ya vyombo vya Jumuiya yetu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, wengi waliombolezea reli, ndege na posta, maana hivyo vilionekana kwa macho. Ni wachache waliofikiri kwamba pamoja na hayo nchi tatu zilikuwa zimegawana pia lindo moja lililozitumikia zote. Taasisi ikabaki kuwa ya Uganda peke yake, katika utawala wa Idi Amin, wakati ambapo wasomi walikuwa wakikimbia nchi hiyo kuokoa roho zao. Kwamba haikufa kabisa ni jambo la kuwashukuru wale waliobaki.

Kisha wale waliodharauliwa wakaanza kutoka kifungoni. Mwaka 1999 watu waliugua ubongo mjini New York, na ndege wakafa barabarani; kirusi kilichopatikana kilikuwa kile cha yule mama wa Omogo, West Nile. Mwaka 2004 chikungunya ikaonekana Lamu na Mombasa, ikaingia visiwa vya Bahari ya Hindi, na katika kisiwa cha Réunion ikawaugua watu wapatao theluthi moja ya wakazi wote mwaka 2005 na 2006. Huko kirusi kilikuwa kimebadilika kidogo kiasi cha kumfaa mbu mwingine anayestahimili nchi za baridi, na mwaka 2007 kikafika Italia. Mwaka huo huo wa 2007 Zika ikalipuka katika kisiwa kidogo cha Yap, bahari ya Pasifiki. Ikaruka hadi visiwa vya Wafaransa huko huko Pasifiki mwaka 2013, na mwaka 2015 ikawa Brazili.

Brazili ndipo ilipovua joho la upole. Katika majimbo ya kaskazini mashariki madaktari waliona watoto wanazaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi, ubongo haukukua, na mama zao walikuwa wamepata vipele na homa ndogo wakati wa mimba. Vipele vile vile vya siku tatu. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya hatari ya kimataifa. Na Brazili ilimwita nani? Iliwaita askari. Mwezi huo wa Februari askari wapatao 220,000 walitolewa makambini kwenda mlango kwa mlango, wakiwaonyesha wananchi ndoo, mapipa, vifuu na magurudumu ya zamani yaliyotuamisha maji, maana kule mbu mwenezaji alikuwa yule wa majumbani, wala si yule wa vilele vya miti ya Entebbe. Ilikuwa ni vita bila ya risasi, na silaha yake ilikuwa kumwaga maji.

Katika kambi zetu nyingi, ndugu wasikilizaji, kila homa huitwa malaria, na askari humeza dawa akarudi zamu. Dar es Salaam ilipopata denge mwaka 2014 na tena mwaka 2019, wapo waliotibiwa malaria kwa siku kadhaa kabla ya kupimwa sawasawa. Mbu wa denge, wa chikungunya, wa Zika na wa homa ya manjano katika mji ni huyo huyo mmoja, Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, wakati ambapo chandarua kimekunjwa. Hazaliwi katika dimbwi la mbali. Huzaliwa katika pipa lililo nyuma ya bweni na katika gurudumu lililotupwa karakana.

Yapo pia malalamiko kuhusu majina. Watu wa Uganda wameuliza kwa nini msitu wao, mto wao na wilaya yao viwe majina ya maradhi katika kila lugha, kana kwamba wao ndio waliowaletea wengine balaa. Swali hilo ni la haki. West Nile haikugunduliwa kwa sababu wilaya hiyo ilikuwa chafu kuliko nyingine, bali kwa sababu huko ndiko palipokuwa na mtu aliyetazama. Nchi nyingi zisizokuwa na kituo kama cha Entebbe hazina maradhi yenye majina yao, na watu wao waliugua vile vile.

Homa ya manjano yenyewe, iliyokuwa sababu ya yote haya, haijaondoka katika nchi jirani. Mwishoni mwa mwaka 2015 ilianza Luanda, Angola, ikavuka hadi Kinshasa, na chanjo zikapungua duniani kiasi kwamba mwezi Agosti 2016 wakazi wa Kinshasa walichanjwa kwa sehemu moja ya tano ya dozi ili ziwatoshe. Uganda yenyewe ilipatwa nayo kaskazini mwishoni mwa mwaka 2010, ikapatwa tena mwaka 2016, na ni maabara ya Entebbe iliyoitambua. Mwaka 2022 serikali ya Uganda ikaiingiza chanjo ya homa ya manjano katika chanjo za kawaida za watoto wachanga. Chanjo hiyo ni 17D, kizazi cha damu aliyoitoa Asibi mwaka 1927, na sasa hutolewa katika zahanati za Bwamba vile vile, chini ya migomba.